Mapato Yaliyopotea

Kosa langu lilikuwa la neno moja, na lilikuwa limeshanitoka mdomoni kabla sijalipima.

Ilikuwa Oktoba 2021, kwenye chumba cha chini cha maktaba, katika mji mmoja wa Ohio ambao sitautaja kwa kuwa hadi leo wananipa kazi. Mimi ni mkalimani. Nimezaliwa Kasulu, Kigoma, na hapa Marekani Kiswahili ndicho kinachonilisha: leo hospitali, kesho mahakamani, keshokutwa kikao cha mzazi na mwalimu, na mara mojamoja mikutano ya halmashauri ya mji. Jioni hiyo halmashauri iliwaita wakazi waseme wangependa pesa za ARPA, msaada wa korona kutoka Washington, zifanye nini. Upande wangu walikaa watu kumi na mmoja, wote Wakongo, wengi wao wamepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kambi yao ilikuwa wilayani kwetu, lakini tumekuja kufahamiana Ohio. Kila mmoja alikuwa na kisikilizio sikioni, nami nimejibanza kona ya nyuma na kipaza sauti kidogo, nanong'ona.

Ofisa wa bajeti alipofika slaidi ya tano alisema sehemu kubwa ya fungu la kwanza wataiweka kwenye kipengele cha mapato ambayo mji uliyakosa wakati wa korona. Kwa Kiingereza chake yalikuwa maneno mawili tu, na mkalimani anayekimbizana na msemaji hana nafasi ya kutafuna. Nikasema: "Sehemu kubwa itakwenda kwenye mapato yaliyopotea."

Vichwa vyote vikanigeukia. Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu huko Fizi, mashariki mwa Kongo, kabla ya vita, akavua kisikilizio na kuuliza kwa sauti ambayo hata madiwani mbele waliisikia: "Ile makuta ya Leta imekwisha kupotea? Hata haijafika?"

Makuta ni pesa. Leta ni serikali, neno ambalo Wakongo wamelitoa kwenye Kifaransa cha Wabelgiji na kulifanya lao. Na pesa za serikali kupotea ni jambo ambalo mtu wa Fizi, au wa Kasulu, hahitaji kufafanuliwa. Hazipotei kama ufunguo. Zina mtu aliyezipoteza, na mtu huyo kwa kawaida ana nyumba mpya.

Nilirekebisha haraka: mapato ambayo mji ulitarajia kuyapata, ila haukuyapata kwa sababu ya ugonjwa. Mzee akarudisha kisikilizio sikioni huku akitikisa kichwa. Mkutano ulipokwisha, mama mmoja aliyekaa naye akanishika mkono mlangoni. "Mwanangu, sasa ile makuta itafanya nini?" Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Nikaenda nyumbani nikaanza kusoma, na nimeendelea kusoma tangu siku hiyo, kwanza kwa aibu, halafu kwa udadisi.

Pesa zenyewe zilitokana na sheria aliyoisaini Rais Joe Biden tarehe 11 Machi 2021, ya dola trilioni 1.9. Watu wengi wanaikumbuka kwa ile hundi ya dola 1,400. Lakini ndani yake kulikuwa na dola bilioni 350 za majimbo, kaunti, miji, mataifa ya wenyeji wa asili na maeneo yaliyo chini ya Marekani. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limetoa bilioni 150, ila serikali ya mtaa isiyo na watu zaidi ya 500,000 haikupata kitu moja kwa moja, ilibidi isubiri huruma ya jimbo lake. Safari hii Wizara ya Fedha iliitumia pesa kila kaunti na kila mji wa kadiri, hadi kwenye akaunti. Kaunti zilitengewa bilioni 65.1, miji mikubwa bilioni 45.6, na vimiji na vijiji vikapata bilioni 19.5 kupitia majimbo. Nusu ilikuja 2021, nusu nyingine mwaka uliofuata.

Mgawo wa miji una kichekesho chake. Columbus, mji mkuu wa Ohio, ilikuwa na watu 905,000 na ushei kwa sensa ya 2020, ikapata dola milioni 187. Cleveland, yenye watu 372,000 na ushei, ikapata milioni 511. Ukigawa kwa vichwa, mkazi wa Cleveland alihesabiwa karibu dola 1,370 na wa Columbus kama 206. Hakuna aliyeiba. Bunge halikutaka kugombania kanuni mpya, likachukua iliyokuwa kabatini tangu miaka ya 1970, ile ya kugawa ruzuku za maendeleo ya miji, inayotazama umaskini, nyumba za kabla ya 1940 na mji uliodorora ukilinganishwa na wenzake. Miji ya viwanda iliyokimbiwa na watu, kama Cleveland, Detroit, Buffalo na St. Louis, ikaneemeka. Wakenya walioshuhudia Seneti yao mwaka 2020 ikirudi ukumbini mara kwa mara bila kuafikiana jinsi ya kugawia kaunti mapato watanielewa nikisema kwamba kanuni iliyochakaa ina faida yake. Angalau pesa zilitoka.

Sasa turudi kwenye lile neno langu.

Miji ya Ohio huishi kwa kodi ya mapato ya wafanyakazi. Columbus na Cleveland hukata asilimia 2.5 ya mshahara, na kwa mfanyakazi wa kuajiriwa kodi hiyo huenda kwanza kwenye mji iliko ofisi yake. Korona ilipowapeleka watu majumbani, viongozi wa miji waliona shimo miguuni mwao: kama karani wa benki anafanyia kazi sebuleni kwake, mji wa pembeni, kodi ni ya nani? Bunge la jimbo likapitisha sheria Machi 2020 iliyosema mtu ahesabiwe yuko ofisini hata kama hayuko. Watu walikwenda mahakamani, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaibariki sheria hiyo. Kwa hiyo hofu ya kukosa mapato ilikuwa ya kweli, na mwanzoni mwa 2020 hakuna aliyejua kina chake.

Ila jinsi Wizara ya Fedha ilivyoipima hasara hiyo ndiyo iliyonifanya niweke kikombe cha chai chini. Kanuni zilizotoka Januari 2022 zilisema hivi: chukua mapato ya mji katika mwaka kamili wa mwisho kabla ya korona. Yakuze kwa asilimia 5.2 kila mwaka, au kwa kasi ya mji wenyewe kama ni kubwa zaidi. Kisha linganisha na ulichokusanya kweli. Tofauti ndiyo hasara. Mji uliokusanya milioni 100 mwaka 2019 na milioni 103 mwaka uliofuata umeongeza milioni tatu, si ndiyo? Kwa kanuni hii umepoteza milioni 2 na laki mbili, kwa sababu ulitakiwa ufike 105.2.

Na kama hesabu hiyo ni ngumu, usiifanye. Kanuni hizohizo ziliruhusu kila serikali itangaze kuwa imepoteza hadi dola milioni 10, bila kuonyesha hesabu yoyote. Serikali nyingi zilizopokea fedha hizi, hasa vijiji, vimiji na kaunti za mashambani, hazikupewa hata hizo milioni 10. Maana yake kijiji cha Ohio chenye watu elfu mbili na gari moja la zimamoto kiliweza kusimama na kutangaza kwamba mgawo wake wote ni mapato yaliyopotea. Kikasamehewa maswali mengi.

Ni kwa nini mtu atake kutangaza hasara? Hapo ndipo penye ufunguo. Dola za ARPA zilikuja zimefungwa kamba: afya na athari za kiuchumi za korona, nyongeza ya malipo kwa wafanyakazi waliobaki kazini wakati wengine wamejifungia, maji safi na majitaka, na intaneti. Kila matumizi yahojiwe, yaelezwe, yapangiwe fungu lake. Dola iliyoingizwa kwenye mapato yaliyopotea ilifunguliwa kamba karibu zote. Ilifaa kwa huduma yoyote ya kawaida ya serikali: barabara, polisi, kuzoa taka, kompyuta za ofisi. Ilikatazwa kulipia deni, kuweka akiba, kujazia mfuko wa pensheni na vitu vichache vya namna hiyo. Basi.

Kwa hiyo nilikuwa nimekosea tafsiri na nilikuwa sijakosea. Pesa ziliitwa zilizopotea ili zipate uhuru.

Ukiuliza uhuru huo ulinunua nini, jibu la kawaida zaidi ni mishahara. Ofisa wa bajeti wa mji wetu alinieleza baadaye, tukiwa tumesimama kwenye mashine ya kahawa, na nilimpenda kwa kutozungusha maneno. Unachukua mishahara ya zimamoto, ambayo mji ungeilipa hata hivyo, unailipa kwa dola za shirikisho. Ripoti inakuwa na mstari mmoja, safi, mkaguzi hapati pa kushika. Zile dola za mji zilizokuwa zilipe zimamoto sasa zimebaki mkononi, hazina kamba wala harufu ya Washington, na ndizo zinazojenga bustani, kununua jengo, au kufanya lile meya aliloahidi kwenye kampeni. Pesa hazina alama ya kuzaliwa. Bibi yangu aliijua mbinu hii. Mjomba akimtumia hela ya dawa, dawa zilinunuliwa kwa hela ya maharage na hela ya mjomba ikanunua kitenge, na hakuna aliyesema uongo.

Wapo waliokwenda mbali na mbinu hiyo. Kaunti ya Broward, Florida, ilitaka milioni 140 ziingie kwenye hoteli kubwa ya pembeni ya ukumbi wake wa mikutano. Mradi wa namna hiyo usingepita kirahisi mlango wa mbele wa kanuni, ukapitishwa mlango wa mapato yaliyopotea. Alabama, ambayo ni jimbo, ilichukua milioni 400 za ARPA kusaidia ujenzi wa magereza. Kaunti ya Dutchess, New York, ikaweka mamilioni kwenye uwanja wa timu ndogo ya besiboli. Habari hizi zilisambaa sana, na kila zilipotokea nilitumiwa na ndugu wa huku na wa nyumbani, na maelezo ni yaleyale: unaona, kumbe na Wazungu!

Sikubaliani nao sana. Hoteli ni kichwa kizuri cha habari. Uzito wa jambo uko kwenye ule mstari mmoja wa zimamoto, na ili uupime lazima ukumbuke kilichotokea mara ya mwisho.

Nilifika Ohio mwaka 2010, wakati barabara zimejaa vibao vya kichocheo cha uchumi cha Rais Obama, ile sheria ya Februari 2009 ya dola bilioni 787. Kila kiraka cha lami kilikuwa na kibao chake. Pesa zile kwa sehemu kubwa zilipitia majimbo na programu za shirikisho, na mji uliotaka kitu ulijaza fomu kama mtu anayeomba chuo. Zilitafutwa kazi zilizo tayari kuanza mara moja, na baadaye Obama mwenyewe alitania kwamba hazikuwa tayari kama walivyodhani. Jimbo letu lilipewa milioni 400 za treni ya kuunganisha Cleveland, Columbus na Cincinnati. Gavana mteule John Kasich akaikataa, na Desemba 2010 Washington ikazichukua milioni 385 zilizobaki na kuwapa majimbo mengine. Mimi nisiye na gari wakati ule nililichukulia jambo hilo kama tusi la kibinafsi.

Lakini vibao havikuonyesha kitu kimoja. Msaada wa 2009 ulipoanza kukauka, mapato ya miji yalikuwa bado chini, na serikali za mitaa zikaendelea kupunguza watu mwaka baada ya mwaka huku sekta binafsi ikianza kuajiri. Walimu, wakutubi, wakaguzi wa majengo. Ajira za serikali za mitaa nchini zilichukua karibu mwongo mzima kurudi zilipokuwa 2008. Maktaba iliyofanyiwa mkutano wetu ilifungwa Jumapili katika miaka hiyo, na Jumapili haijarudi.

Mwaka 2020 majimbo na serikali za mitaa zilipoteza zaidi ya ajira milioni moja ndani ya miezi miwili ya masika. Safari hii shimo lilifukiwa. Kwa hiyo unapouliza pesa zilifanya nini, mara nyingi jibu ni mtu ambaye hakufukuzwa, gari la taka lililopita Jumanne kama kawaida. Jaribu kumwonyesha mtu hilo kwa kidole.

Ndugu yangu ni mwalimu huko kwetu. Tanzania mwaka huohuo wa 2021 ilipata mkopo wa IMF wa dola milioni 567, shilingi trilioni 1.3 kwa lugha ya magazeti, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Alinitumia picha: darasa limepakwa rangi, madawati mapya, na ukutani maandishi kwamba ni mradi wa UVIKO-19. Huo nao una maneno yake, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akauliza maswali yake, sitaki kuingia huko. Nilichokiona ni kwamba ndugu yangu aliweza kuugusa ukuta. Mama yule wa mlangoni, katika nchi tajiri kuliko zote, hakuwa na ukuta wa kugusa.

Na yule mzee wa Fizi? Alipata dakika zake tatu kwenye kipaza sauti. Aliomba basi la usiku. Anafanya zamu ya pili kwenye ghala nje ya mji, inayoisha saa tano na nusu usiku, na basi la mwisho linapita saa nne. Aliongea vizuri, kwa mpangilio wa mwalimu, na nilijitahidi Kiingereza changu kisimwangushe. Diwani akamshukuru, akasema mabasi hayako chini ya mji, yako chini ya mamlaka ya usafiri, ambayo ina bodi yake na ilipata fedha zake kwenye sheria ileile. Kweli tupu: usafiri wa umma ulitengewa bilioni 30.5 pembeni kabisa. Kengele ikalia. Mzee alikuwa ametumia dakika tatu kubisha mlango wa jirani.

Kiu hiyo ya watu kutaka kuamua wenyewe haikuwa ya Wakongo peke yao. Cleveland wakazi walijipanga wakidai sehemu ya ARPA ipigiwe kura na wananchi moja kwa moja. Meya Justin Bibb akaunga mkono dola milioni tano na ushei, baraza la mji likaikataa. Wakakusanya saini, wakalipeleka jambo kwenye sanduku la kura Novemba 2023, safari hii wakitaka fungu la kudumu kutoka bajeti ya mji, wakashindwa kwa kura kiduchu. Baraza lilihofia bajeti ya kawaida. Naielewa hofu hiyo, ila ningepiga kura ya ndiyo.

Kuna mara moja tu niliona pesa hizi zikimfikia mtu kwa jina lake. Jiji la Toledo na kaunti yake ya Lucas waliweka pamoja dola milioni 1.6 za ARPA kununua madeni ya hospitali ya watu wa kipato cha chini, kupitia shirika la hisani linaloyanunua kwa senti chache kwa kila dola. Ilitarajiwa dola milioni 1.6 zifute hadi milioni 240. Mdeni haombi chochote. Anapata barua tu. Yule mama wa mlangoni ana mdogo wake Toledo, na siku moja akanitumia picha ya barua kwenye WhatsApp, na sauti ya dakika nne nyuma yake. Walikuwa wameshaamua kwamba ni matapeli. Nani anakufutia deni bila kukuomba namba ya benki? Nikaisoma mara tatu. Nikampigia.

"Mama, ni kweli. Wamelipa."

"Nani amelipa?"

"Leta."

Akanyamaza, halafu akacheka sana, akamwita mtu aliyekuwa jikoni aje asikie.

Sheria ilitaka kila dola iwe imeshafungwa kwenye mkataba au oda kufikia tarehe 31 Desemba 2024. Iliyofungwa iliruhusiwa kulipwa hadi mwisho wa 2026. Kwa hiyo miezi ya mwisho ya 2024 halmashauri zilikuwa kama mama mwenye nyumba anayefagia unga uliobaki mezani. Miradi iliyokwama ilinyang'anywa, makombo yakakusanywa, na kwa kuwa mkataba mpya huchukua miezi, njia ya mkato ilikuwa ileile: mishahara.

Nilialikwa kutafsiri mkutano wa Desemba. Nikafika mapema, nikapanga visikilizio ishirini kwenye meza ya kona, nikavijaribu kimoja kimoja. Hakuja Mkongo hata mmoja. Kulikuwa na theluji, na mzee wa Fizi nilisikia ameshanunua gari. Azimio la kuhamisha salio la ARPA kwenda mishahara ya usalama wa umma lilisomwa kwa namba, likaungwa mkono, likapita bila mjadala. Dakika nne. Mimi nilikaa na kipaza sauti changu kimezimwa, maana hakukuwa na wa kunong'onezewa.

Mkalimani hulipwa saa mbili hata kama kazi ni ya dakika nne, ndiyo desturi. Malipo yalipokuja wiki tatu baadaye, kwenye stakabadhi kulikuwa na namba ya mfuko, na kwa kusoma kote kule nilikuwa nimeshaikariri. Ulikuwa mfuko wa ARPA. Dola tisini. Ishirini na mbili niliziacha Jumamosi kwenye duka la Mkongo karibu na kituo cha mafuta: dagaa, unga wa muhogo, na mawese ya chupa ndogo.